Fragata Iliyokataa Kulala

Mjomba Gaudêncio aliwahi kumpiga mtu kwa samaki. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, kwenye kilabu cha mvinyo hapa kwetu Esteirinha, na aliyepigwa alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Yule bwana alikuwa amesema mbele ya watu kwamba fragata ni manowari, basi, na kwamba vyombo vyetu vya kubebea chumvi mtoni Tejo vimejipachika jina la wakubwa. Mjomba alikuwa na mkunga mbichi mkononi, yule samaki aliye kama nyoka, wa urefu wa mkono mzima. Akamzaba nao mara mbili, kisha akaupeleka mkunga wenyewe nyumbani kwa mkewe, ukapikwe mchuzi.

Mimi ni Idalina, karani wa baraza la mji. Mume wa shangazi huitwa mjomba, na Gaudêncio nimempata kwa njia hiyo, maana mkewe Perpétua ni dada wa baba yangu. Naandika kwa sababu kisa chao husimuliwa sokoni kwa ajili ya kucheka tu, na wanaocheka hawafiki mwisho. Mwisho nilikuwapo. Tena kosa lenyewe nililifanya mimi pamoja na shangazi, kwa mikono yetu miwili miwili.

Mjomba alikuwa nahodha wa Teimosa, yaani Mkaidi, fragata ya mlingoti mmoja iliyoundwa na babu yake. Alibeba chumvi, magome ya mwaloni wa vizibo, ngano, makaa, na mara moja kasisi aliyekufa, kuvuka mto mpaka kwenye meli kubwa za Lisboa. Halafu likaja daraja. Malori yakapita juu yake na mizigo yote, na wenzake mjomba wakaviacha vyombo vyao vioze kwenye mkono wa mto, wakaenda viwandani. Yeye alibaki, akaishi ndani ya Teimosa na mkewe. Nyumba za nchi kavu, alikuwa akisema, ni za maiti na makarani. Alikuwa akinitazama anaposema hivyo.

Sasa, kuishi ndani ya fragata si jambo dogo. Fragata ina mkuku chini, ile boriti ndefu iliyo uti wa mgongo wa chombo. Maji yakipwa, mkuku hukita matopeni, na chombo hulala ubavu mpaka maji yarudi. Binamu yake, varino, hana mkuku. Tumbo lake ni bapa, naye maji yakitoka hukaa wima matopeni kama kuku anayeatamia. Kwetu watu wamenuniana vizazi vitatu kwa tofauti hiyo.

Kwa hiyo kila siku, mara mbili, dunia ya shangazi ilipinduka upande wa kushoto. Alipika mguu mmoja ukiwa juu ya gogo. Birika lilining'inia kwenye ndoana. Walikula kwa bakuli za bati, mkono mmoja unalisha, mwingine unashika bakuli. Usiku yeye alilala upande wa juu na mjomba upande wa chini, na maji yakipwa alimporomokea. Alikuwa akisema bila haya kwamba watoto wake watano wote ni wa maji kupwa. Watoto hao wamekwenda Ufaransa, na wote wamepanga vyumba vya chini.

Shangazi alikuwa na sahani ishirini na nne za kaure, nyeupe, zenye ndege wa buluu pembeni. Mama yake wa ubatizo alimpa siku ya harusi. Hazikuwahi kutumika. Zilikaa ndani ya sanduku, zimefunikwa majani makavu, miaka arobaini na miwili. Mara moja kwa mwaka alizitoa, akazifuta moja moja akiwa amekaa sakafuni, akazirudisha. Niliwahi kumuuliza ananufaika nini. Akanijibu kwamba hata watakatifu wa kanisani hutolewa mara moja kwa mwaka.

Mwaka wa themanini na moja baraza liliamua kusafisha mkono wa mto. Barua niliipiga chapa mwenyewe. Jumatatu baada ya sikukuu ya Mama Maria wa Safari Njema, mashine itavunja mabaki yote ya vyombo. Kitabakizwa kimoja tu, nacho kiwe fragata halisi, kipakwe rangi, kitembezwe, na nahodha wake aachiwe mpaka kufa kwake. Sisi sote tulijua kuwa fragata iliyobaki nzima ni Teimosa. Lakini baraza ni baraza. Lilitaka cheti, na cheti kikataka tume.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza, Kamanda Lencastre, mwanamaji mstaafu wa miaka themanini, ambaye alikuja na upanga. Wa pili, Profesa Quadros, mtu wa maneno, aliyekuja na vitabu ndani ya mfuko wa viazi. Wa tatu, fundi Zeferino, mwunda vyombo kutoka ng'ambo, aliyekuja na penseli nyuma ya sikio na hakusema lolote tangu alipowasili. Yeye ndiye angejaza fomu, na mimi ningeandika kumbukumbu. Wale wawili wangetia sahihi tu, lakini hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Asubuhi ile mjomba alikwenda kuwapokea kwenye kivuko. Maji yalikuwa yamejaa, Teimosa ikielea vizuri. Shangazi akanivuta kando, macho yanang'aa.

"Idalina mwanangu, leo nakula kwenye meza iliyonyooka."

Alikuwa ameazima magadi mawili, zile nguzo ambazo wenye mashua za starehe hufunga ubavuni ili chombo kisilale maji yakitoka. Chini ya kila gadi palipigiliwa ubao lisizame matopeni. Nilijua, na yeye alijua, kwamba kwetu kuigadimu fragata ni aibu isiyosemeka. Nahodha wa fragata yenye magadi huitwa Bwana Magadi mpaka kaburini, na mkewe Bibi Magadi. Lakini alikuwa na miaka sitini na sita, wageni wa Lisboa walikuwa njiani, na sahani zilikwisha kupangwa. Tukayafunga magadi upande wa kushoto kwa kamba nene. Kisha tukatundika shuka za kitanda, zile nyekundu za darizi tunazotandaza madirishani msafara wa Mama Maria unapopita, zikayafunika yote mpaka majini. Chombo kikapendeza. Mjomba alipofika alisema tu kwamba mkewe amewapa heshima wageni, naye akafurahi.

Wakakaa. Mchuzi wa mikunga ukaletwa kwenye bakuli kubwa lenye ndege. Mjomba alizitazama zile sahani, akamtazama shangazi katika gauni lake la kanisani, akasahau kuvua kofia.

Mazungumzo yakaanza vibaya. Kamanda alifungua kwa kusema kwamba fragata ni manowari ya milingoti mitatu na safu moja ya mizinga, jicho la kundi zima la vita, na kwamba anachokiona yeye hapa ni kapu la chumvi lenye tanga.

"Bwana Kamanda," mjomba akasema, "mimi mizinga ningeielekeza kwa nani? Adui yangu alikuwa mvua."

Profesa akaingilia kwa upole wa kuudhi. Akaeleza kwamba kabla ya kuwa na mizinga, fragata ilikuwa kimashua cha makasia kilichokokotwa nyuma ya merikebu za vita, kikitumwa kupeleka barua na kuleta kabichi. Kamanda akauliza kama amesikia vizuri, kabichi. Profesa akasema kabichi, na wakati mwingine vitunguu. Kamanda akaweka upanga mezani, katikati ya mkate na mvinyo, akasema yeye amekuwa mtu mzima baharini miaka arobaini na hakuwahi kutumwa vitunguu.

Ikawa zamu ya asili ya neno. Limetoka Italia, alisema Profesa, na kabla ya Italia hakuna ajuaye. Wapo wanaolipeleka kwenye Kilatini, eti kitu kilichoundwa. Wapo wanaolipeleka kwenye Kigiriki, eti chombo kisichofunikwa juu. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kurasa mia mbili kuthibitisha ya kwanza, halafu kurasa mia tatu kuikanusha. Tena yupo ndege wa bahari za joto aitwaye fragata, ambaye hawezi kutua majini, na huishi kwa kuwapokonya wenzake samaki midomoni. Naye, kwa maoni ya Profesa, ana haki ya kusikilizwa.

"Basi mwiteni huyo ndege aje aishi humu," mjomba akasema. "Babu yangu aliiunda hii hajui hata kusoma. Alisema ni fragata, ikawa fragata. Tangu lini mtoto akauliza kitabu jina la mama yake?"

Shangazi hakuwa akisikia. Alikuwa akitazama meza. Mvinyo ulisimama sawa ndani ya bilauri, kijiko kikawekwa kikabaki palepale, na yeye akala polepole kwa uma na kisu, viwiko vimepumzika, akiwa ameinua uso kama bibi arusi. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumwona amekaa vile. Nilifurahi, nakiri, na nikajipongeza kwa akili yangu.

Maji yalikuwa yakitoka. Saa tisa ikapita. Fundi Zeferino akafuta mdomo, akasema neno lake la kwanza la siku hiyo.

"Mimi vitabu sina. Nangoja ilale tu. Ikilala ni fragata. Isipolala ni varino, naandika varino, tunakwenda zetu."

Nikamtazama shangazi. Uma wake ulikuwa umesimama hewani. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulifikiria sahani.

Mjomba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akasema huwa inalala wakati wa kahawa, tunywe kahawa. Tukanywa. Pande zote matope yalikuwa yamejitokeza, kaa wanatembea, na yale mabaki ya vyombo vya jirani yamelala kushoto kama ipasavyo. Teimosa imesimama wima. Mjomba akasema leo matope ni laini. Baadaye akasema ni uzito, watu wamekaa vibaya, akawaomba wageni kwa adabu wahamie upande wa kushoto. Kamanda akahamia na upanga wake. Profesa akahamia na mfuko wa vitabu, maana vitabu ni vizito. Haikutikisika. Mjomba akawaomba waruke. Nakuapia, mwanamaji wa miaka themanini na mwanachuoni wa Lisboa walirukaruka kwenye sitaha ya chombo cha chumvi, wakihesabu moja mbili tatu, na sahani hazikulia hata kidogo.

Fundi Zeferino akatoa fomu, akalamba ncha ya penseli.

Mjomba akaenda ukingoni, akainua shuka nyekundu, akachungulia chini. Alikaa vile muda mrefu kiasi. Nilikuwa karibu naye, nikaona shingo yake ikiiva. Kisha akageuka taratibu akamtazama mkewe, aliyekaa peke yake kwenye meza iliyonyooka, mikono mapajani, ndege wa buluu wamemzunguka. Angeweza kusema sentensi moja tu na chombo chake kikapona. Lakini sentensi hiyo ingemvua nguo shangazi mbele ya watu wa Lisboa, na kufika jioni ingekuwa kilabuni, na kufika Jumapili kanisani. Akaishusha shuka. Akainyoosha kwa kiganja isiwe na mkunjo.

"Andika varino," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu ndiye aliyempiga mpiga kinanda kwa mkunga. Fundi naye alishangaa, akamuuliza kama ana hakika. Mjomba akavua kofia, akasema wazee wake huenda walikosea, na kwamba miaka arobaini na miwili amewadanganya watu bila kujua. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Fundi akainama kuandika.

Mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa nikipiga hesabu. Nilikuwa nikifikiri, tuzitoe kwanza sahani, tuwaambie wageni kuna dharura ya jikoni, halafu tutafute njia. Shangazi hakupiga hesabu yoyote. Aliinuka, akachukua kisu cha kukatia mikunga, akapita mbele ya Kamanda, akaifunua shuka kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia akakata kamba ya gadi la nyuma. Ilikuwa nene, ilimchukua mara tatu. Lile la mbele halikungoja. Lilifyatuka lenyewe.

Teimosa ikalala. Haikuanguka, ililala, polepole na kwa mguno mrefu, kama mzee aliyekatazwa kujigeuza tangu mchana. Meza ikaenda, na sahani zikaanza kushuka moja baada ya nyingine kama zimepanga foleni. Kamanda akateleza na benchi lake mpaka ukingoni, akapokea bakuli la mchuzi mapajani bila kumwaga vipande vingi. Profesa akaukumbatia mlingoti na kuuliza kama hii ni kawaida. Fundi Zeferino, amejibana kwa magoti kwenye mlango wa ngama, shimo la mizigo, alikuwa amekwisha kuandika "vari". Akafuta, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika neno jingine kwa herufi kubwa.

"Fragata," akasema, kwa furaha ya mtu aliyeona jambo limekamilika.

Hakuna aliyeweza kuondoka. Matope yalikuwa ya kufika mapajani na maji hayarudi kabla ya jioni. Kwa saa nne tume ilikaa imebanana kwenye ukingo wa chini, bega kwa bega, ikila mkate mkavu na kuchambua miiba ya mkunga kwenye suruali ya Kamanda. Walitia sahihi wote watatu. Kamanda na Profesa waliendelea kugombana kuhusu vitunguu, lakini sasa kwa kicheko, wakishikana mikono wasiteleze. Jalada lipo ofisini mpaka leo, na kila mstari niliouandika siku ile unateremka kuelekea kona ya kushoto. Mkuu wa baraza aliniuliza kama nilikuwa nimelewa.

Mjomba alikuwa akiokota vigae, akivitia ndani ya kofia yake. Shangazi alikaa juu, kwenye ukingo wa kulia, miguu inaning'inia. Baadaye mjomba alipanda kwa mikono na magoti, akakaa karibu naye. Nilikuwa hatua mbili tu nyuma yao, sina pa kwenda.

"Uliyatoa wapi?"

"Kwa wale wa mashua za starehe."

"Mungu wangu," akasema mjomba, kwa sauti ya chini.

"Nilitaka mlo mmoja tu, Gaudêncio. Mmoja, meza imenyooka. Sikukumbuka mengine."

"Najua. Niliona."

"Nami nikakuona umeona," shangazi akasema. "Halafu nikakusikia unasema varino. Mjinga wee."

Jumatatu mashine ilikuja, ikavunja vyombo vyote vya mkono wa mto isipokuwa Teimosa. Mjomba alisimama ufukweni, kofia mkononi, mpaka kile cha mwisho. Cheti kikatundikwa chomboni ndani ya fremu, na haki ya kuishi humo mpaka kufa ikaandikwa kwa jina lake.

Siku kumi baadaye akaja ofisini kwangu. Hakuwahi kuingia mle tangu nianze kazi. Alisimama katikati ya chumba, miguu amepanua, kama anayengoja sakafu iiname, kisha akakaa. Akasema anataka nyumba. Nikamuuliza nyumba ya nini. Zile mpya, akasema, za nyuma ya soko. Ya chini. Na kabla hajapewa ufunguo, apelekwe mtu na pimamaji akapime sakafu chumba kwa chumba.

Nikamkumbusha kwamba ameshinda. Chombo ni chake, hakuna wa kumtoa.

"Nitakwenda chomboni asubuhi na kurudi jioni," akasema. "Kama karani."

"Utaweza kulala mle ndani, Mjomba?"

"Sitalala. Najijua. Nitakodolea dari macho." Akaigeuzageuza kofia. "Lakini zilikuwa ishirini na nne, Idalina. Hakuokoa hata moja kabla ya kukata."

Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Nikaharibu mbili. Aliponyanyuka alirudi kutoka mlangoni, akanipa agizo, tena kwa ukali: shangazi asijue kwamba yeye ndiye aliyeomba. Aambiwe baraza limepiga marufuku watu kulala vyomboni. Limelazimisha. Hakuna la kufanya.

Nilimkuta shangazi anaparua samaki, mguu mmoja juu ya gogo, maana maji yalikuwa yamekupwa. Nikamwambia kama nilivyoagizwa, na neno kulazimisha nikalirudia mara mbili. Akaparua samaki mzima kabla hajajibu. Kisha akauliza ni nani hasa kwenye baraza. Nikasema baraza lote.

Akaweka kisu chini. Akalia wazi, bila kujificha, kamasi na machozi, akijifuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na magamba.

"Basi mwambie Baraza nimekubali," akasema. "Na mwambie, akirudi jioni, viatu vya matope avue mlangoni."